Baccarat Rouge 540 au Santal 33: ipi inafaa kwa baridi ya Nyanda za Juu Kusini?

Kwa mkazi wa Mbeya, Iringa au Njombe mwenye pesa ya chupa moja tu, ya kwanza ni Baccarat Rouge 540 Eau de Parfum ya Maison Francis Kurkdjian. Santal 33 ya Le Labo inafuata. Kinachoamua ni baridi.

Pafyumu hunukia kwa kuvukiza. Juni na Julai ngozi inakuwa baridi na kavu, mvuke unapungua, halafu sweta na koti vinafunika kidogo kilichobaki. Baccarat Rouge (2015) imejengwa kwa kemikali mbili, ambroksani na ethili maltoli, hii ya pili ndiyo inayoleta ile harufu ya sukari iliyoungua, pamoja na zafarani, yasmini na mwerezi. Inasambaa hata asubuhi ya Makambako, na kwenye kitambaa inakaa hadi kesho yake.

Ubaya wake ni kwamba pua ya mvaaji huizoea haraka. Anadhani imeisha, anaongeza, na abiria wenzake kwenye daladala iliyofungwa madirisha wanaumwa kichwa. Puliza mara mbili tu: kifuani na kwenye kola. Usichanganye na toleo lake liitwalo Extrait, la chupa nyekundu; hiyo ni nzito zaidi na bei yake iko juu.

Santal 33 (2011, mtunzi Frank Voelkl) ni kavu: sandali, mwerezi, iliki na harufu ya ngozi ya mkoba. Kwa anayeshinda darasani au ofisini karibu na watu, hii ndiyo ya kununua, kwa sababu haimvamii mtu. Ila baadhi ya pua hunusa achari ya matango humo. Ukiisikia hiyo, achana nayo, hutaizoea. Kwenye baridi inataka mipulizo minne, juu ya ngozi iliyopakwa mafuta yasiyo na harufu mara baada ya kuoga.

Mpulizo mmoja ni kama mililita 0.1. Hivyo chupa ya mililita 70 ya Baccarat Rouge, mara mbili kwa siku, inafika siku 350. Santal ya mililita 50, mara nne, ni siku 125. Piga bei kwa hesabu hiyo, si kwa chupa.

Orijino ya yoyote kati ya hizi ni laki kadhaa. Ukiuziwa elfu hamsini sokoni Mwanjelwa, Mbeya, ni feki. Linganisha namba ya toleo chini ya chupa na ile ya boksi. Kopi yenye jina lake yenyewe ni jambo jingine, huyo muuzaji hajakudanganya.

Kabla ya kulipa, tafuta kichupa cha mililita 2, mipulizo kama 20. Jaribu kwenye ngozi, mchana, siku mbili tofauti. Karatasi ya kunusia dukani, kwenye baridi, haisemi kitu. Ukiagiza Dar es Salaam, omba mzigo usikae karibu na injini ya basi, maana joto huharibu pafyumu. Nyumbani iweke kabatini, mbali na jua la dirishani na jiko la mkaa.