Uzoefu wangu wa Ardhkuwari, kituo cha katikati katika hija ya Vaishno Devi

Mahujaji wengi wa Kihindu wanaopanda mlima kwenda kwenye hekalu la Mata (yaani Mama) Vaishno Devi, mungu wa kike, kaskazini mwa India, huichukulia Ardhkuwari kama mahali pa kunywa chai na kunyoosha miguu, kisha wakaendelea na safari. Kwa maoni yangu hao hujinyima sehemu yenye uzito kuliko zote katika njia nzima. Nililala hapo pamoja na mama yangu mzazi, sisi tukiwa Wahindu wa asili ya Kipunjabi tuliozaliwa Nairobi, na ninaandika haya ili atakayesafiri kutoka huku kwetu apange muda wake kwa kukizingatia kituo hiki tangu mwanzo.

Hija huanzia Katra, mji mdogo ulio chini ya mlima Trikuta katika eneo la Jammu, ambako treni imekuwa ikifika tangu Julai 2014, na huishia Bhawan, lilipo pango takatifu, umbali wa takriban kilomita 13 za kupanda kwa miguu. Ardhkuwari iko karibu nusu ya mwendo huo. Kwa kuwa magoti ya mama humsumbua, tulipanda kwa njia ya Tarakote iliyofunguliwa mwaka 2018, ambayo mwinuko wake ni wa taratibu na ambayo farasi na nyumbu hawaruhusiwi kuitumia. Yeyote anayekwenda na mzee aifuate njia hiyo bila kusita, kwa sababu katika njia ya zamani mtu hutembea akiangalia nyuma kila mara kumkwepa farasi anayeshuka kwa kasi, na utelezi wa kinyesi chao ni hatari kwa mguu usio na nguvu. Anayeichagua njia ya zamani, kwa upande wake, hupata kupita sehemu takatifu za Banganga na Charan Paduka, na kwa mwenye afya njema hilo ni jambo la thamani.

Kisa chenyewe ndicho kinachokipa kituo uzito wake. Mapokeo yanasimulia kwamba Vaishnavi, yaani Vaishno Devi mwenyewe, akiwa katika umbo la msichana, alikuwa akifuatiliwa na mtawa mwenye nguvu za uchawi aitwaye Bhairon Nath tangu kwenye karamu ya mcha Mungu Shridhar. Alipofika Ardhkuwari aliingia katika pango dogo, akakaa humo akitafakari kwa miezi 9, kama mtoto akaavyo tumboni mwa mama yake, na Bhairon alipogundua maficho hayo, mungu akatoboa mwamba kwa mkuki wake wa ncha tatu, akatokea upande wa pili na kuendelea kupanda hadi pango kuu. Pango hilo dogo linaitwa Garbh Joon, na waumini wanaamini kwamba apitaye ndani yake hupunguziwa mateso ya kuzaliwa tena na tena.

Nafasi ya kupita pangoni ndiyo inayotaka mipango. Upenyo ni mwembamba kiasi kwamba watu hupita mmoja mmoja, tena kwa kutambaa, na kila mmoja huchukua muda wake, ilhali nje wapo maelfu. Kwa hiyo ukifika, kabla hujatafuta chai wala pa kulala, nenda kwenye dirisha la usajili uchukue namba ya kundi lako, kisha ufuatilie kwenye ubao namba inayoitwa kwa wakati huo. Kusubiri kunaweza kuchukua saa nyingi, na katika siku za Navaratri, sikukuu ya usiku tisa ya kumheshimu mungu wa kike na msimu wenye msongamano mkubwa, mtu anaweza kungoja usiku kucha na zaidi. Baadhi ya watu huchukua namba wakati wa kupanda, wakaenda Bhawan na kurudi, wakitarajia kwamba zamu yao itakuwa imekaribia. Sisi tuliamua kusubiri hapohapo, na ninapendekeza hivyo kwa anayeweza, kwa sababu mwili uliopumzika hupita pangoni kwa utulivu, na moyo haukimbizani na saa.

Mizigo, viatu na simu tuliviacha kwanza, halafu tukaingia kwenye foleni ambayo sehemu ya mwisho huwa na msukumano. Vijana waliokuwa nyuma yetu walikuwa wakisukuma huku wakipaza sauti «Jai Mata Di» (ushindi kwa Mama), na hilo liliniudhi, kwa kuwa mbele yetu walikuwapo wazee wasio na pa kushika. Mama mmoja mtu mzima kutoka Ludhiana alinyoosha mkono wake ukutani akawazuia, akamwambia mama yangu, «Dada, tangulia, usiwe na haraka.» Baada ya hapo wakatulia.

Ndani, mwamba ni baridi na umelainika kwa kuguswa na viganja vya watu wengi wa miaka mingi. Huwezi kuingia ukiwa umenyooka: unainama, unatanguliza mikono, kisha bega moja, unageuza kiuno kidogo kuelekea upande, halafu unajisukuma kwa vidole vya miguu huku kifua kikigusa jiwe. Ipo sehemu ambapo kwa muda mfupi huoni lolote isipokuwa nyayo za aliyekutangulia. Hapo pumzi ya mama ilibadilika, akasimama, nami nikiwa nyuma yake nikamshika kisigino na kuanza kutaja jina la Mata pamoja naye mpaka akasogea. Alipotoka upande wa pili alikuwa analia, na mimi pia. Kule Bhawan, mbele ya mawe matatu yanayowakilisha maumbo matatu ya mungu huyo, Mahakali, Mahalakshmi na Mahasaraswati, umati hukupitisha upesi mno hata hujamaliza kukunja mikono. Lakini pale Ardhkuwari ibada inafanywa na mwili wako mzima, na hakuna awezaye kukufanyia. Mwenye hofu ya mahali pembamba, au aliyefanyiwa upasuaji wa karibuni, asijilazimishe. Anaweza kusali mlangoni, na tuliwaona wengi wakifanya hivyo kwa heshima kamili.

Kuhusu malazi, zipo kumbi za kulala bila malipo na vyumba vya kulipia ambavyo ni busara kuviweka mapema. Mablanketi hutolewa kwa amana unayorudishiwa unapoyarejesha, nasi tuliyakuta makavu na ya kutosha, ingawa ningemshauri mgeni abebe shuka au kanga yake ya kutandika chini. Chakula hakina nyama wala mayai, na bei yake ni nafuu. Wali na maharage mekundu tuliokula saa nne usiku ulikuwa wa moto na mtamu kweli.

Kutoka Ardhkuwari kwenda juu zipo njia mbili. Ya zamani hupita mwinuko mkali wa Hathi Matha, na mpya, ya kupitia Himkoti, ni ya kilomita 5 na nusu hivi, haina mwinuko mkali, na ndiyo wanayopita madereva wa magari madogo ya betri yanayobeba wazee na wagonjwa. Mama alipanda gari hilo, mimi nikatembea. Tiketi huisha mapema, kwa hiyo ziulizie usiku uleule unapochukua namba ya pango.

Raia wa kigeni abebe pasipoti yake, kwa kuwa bila kusajiliwa Katra na kupewa kadi ya hija hapiti kizuizi cha Banganga wala cha Tarakote. Na asiende katika mvua za Julai na Agosti. Tarehe 26 Agosti 2025, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka karibu kabisa na kituo hiki, mahujaji zaidi ya 30 wakapoteza maisha, na hija ikasimamishwa kwa wiki kadhaa. Tulipita mwezi Machi, hali ya hewa ikiwa kavu na usiku ukiwa baridi ya kuvumilika kwa sweta moja, na huo ndio msimu nitakaowashauri ndugu zangu, ilimradi wafike kabla Navaratri ya msimu huo haijaanza.