Tenzi za Rohoni mikononi mwa mtu aliye katika dhiki

Miongoni mwa vitabu vinavyouzwa katika maduka ya Kikristo na kwenye meza za milangoni pa makanisa ya Tanzania na Kenya, sidhani kama kuna kinachobebwa kwenda msibani na wodini mara nyingi kuliko Tenzi za Rohoni, kitabu cha nyimbo za Kikristo, ukiiacha Biblia yenyewe. Tathmini hii haikipimi kama kitabu cha ibada ya Jumapili, kazi ambayo kimeifanya kwa miaka mingi katika madhehebu mengi bila kuhitaji sifa zangu. Ninalotaka kulipima ni kama kinamfaa Mkristo anayejitahidi kumtumaini Mungu wakati ugonjwa, kufiwa au ukosefu wa riziki umemkalia, na hana nguvu ya kusoma kitabu kirefu wala subira ya kusikiliza hotuba. Kinamfaa sana, ila kina pengo moja kubwa ambalo mnunuzi anapaswa kulijua mapema.

Nianze na umbo lake. Chapa ninayoitumia ni ya maneno matupu bila noti za muziki, yenye jalada jepesi, na inaingia katika mfuko wa koti au mkoba bila taabu. Bei yake ni ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kumnunulia jirani aliyelazwa pamoja na maziwa na matunda. Herufi, hata hivyo, ni ndogo mno kwa wazee, ambao kwa bahati njema wengi wao wanazijua beti kwa kichwa, na gundi ya mgongoni huachia mapema ikiwa kitabu kinafunguliwa kila siku. Kasoro inayoniudhi zaidi ni kwamba majina ya watunzi hayakuchapwa, na hakuna hata aya moja ya kueleza utenzi fulani ulitoka katika mazingira gani.

Kukosekana kwa maelezo hayo ni hasara kubwa kwa msomaji aliye taabuni, kwa kuwa baadhi ya tenzi hizi zilitungwa na watu waliokuwa taabuni vilevile. Wimbo unaoanza “Nionapo amani kama shwari” ni wa Horatio Spafford, wakili wa Chicago aliyepoteza mali nyingi katika moto mkubwa ulioteketeza mji huo mwaka 1871. Mnamo Novemba 1873 mkewe Anna na binti zao wanne walikuwa wakivuka Atlantiki kwenda Ulaya katika meli iliyoitwa Ville du Havre, naye akiwa amebaki nyuma kwa sababu za kikazi, meli hiyo ilipogongana na nyingine na kuzama. Anna aliokolewa, lakini mabinti wote wanne walikufa. Maneno hayo yalichapishwa mwaka 1876 kwa sauti iliyotungwa na Philip Bliss, na miaka michache baadaye Spafford alifiwa tena, safari hii na mtoto wake wa kiume. Anayejua habari hizi hawezi kuuimba utenzi huo kana kwamba unaahidi kuwa shida ikiisha kuimbwa haitarudi. Ubeti wa kwanza unaziweka shwari na shida katika pumzi moja, na beti zinazofuata haziongei tena juu ya bahari wala hasara, bali juu ya dhambi zilizowekwa msalabani na siku ya kurudi kwa Kristo. Kwa maneno mengine, tumaini la mwimbaji limeegemea jambo lililokwisha kutendeka, wala halingoji hali yake ibadilike. Katika kipindi hiki ambapo mahubiri mengi yanahesabu imani kwa upenyo, yaani mafanikio ya ghafla, uliopatikana wiki hii, sijui ni wapi pengine mtu angepata fundisho hilo kwa bei ndogo namna hiyo.

“Yesu kwetu ni rafiki” unafanya kazi tofauti kidogo. Mtunzi wake, Joseph Scriven, alikuwa Mwairishi ambaye mchumba wake alikufa maji wakiwa karibu kufunga ndoa, kisha akahamia Kanada, ambako alitunga shairi hili kwa ajili ya kumfariji mama yake aliyebaki nyumbani. Labda ndiyo sababu wimbo unazungumza na mtu badala ya kuzungumza juu yake: “Una dhiki na maonjo?” Mgonjwa anaulizwa kwanza, ndipo anapoelekezwa kwenye maombi, na kwa sababu hiyo ninauona kuwa bora kuliko nyimbo nyingi za faraja za siku hizi ambazo huanza kwa kutoa amri ya kushangilia.

Kwa usiku wa wodini ningependekeza “Kaa Nami”, wa Henry Francis Lyte, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa akiugua kifua kikuu na kufariki mwaka 1847.

Sasa pengo nililolitaja. Kitabu hiki kina utulivu mwingi, kina maombi mengi, lakini malalamiko mbele za Mungu ni haba. Karibu theluthi ya Zaburi ni maombolezo. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu “hata lini”, na Zaburi ya 88 inaishia gizani bila mwandishi wake kupewa jibu lolote. Katika Tenzi, kilio cha karibu zaidi na hicho ni “Usinipite Mwokozi” wa Fanny Crosby, aliyekuwa kipofu tangu utotoni, nao ni ombi la unyenyekevu zaidi kuliko swali la mtu aliyeumizwa. Matokeo yake huonekana misibani, pale waombolezaji wanapoimbiwa “ni salama rohoni mwangu”, kiitikio cha utenzi wa Spafford, hata kabla mama mfiwa hajamaliza kulia. Utenzi huo uliandikwa na aliyefiwa. Haukuandikwa na waliokuja kumpa pole. Kosa hapo ni la watumiaji, lakini kitabu chenye tenzi chache za maombolezo kingewapunguzia kishawishi hicho.

Wapo watakaouliza kwa nini wasitumie kitabu cha dhehebu lao, kama Mwimbieni Bwana kwa Walutheri wa Tanzania au Nyimbo za Kristo kwa Waadventista. Aliyekulia katika vitabu hivyo abaki navyo, kwa sababu wakati wa taabu wimbo unaoujua tangu utoto ni bora kuliko ulio mzuri lakini mgeni. Zipo pia programu za simu zenye tenzi hizi, zinazorahisisha kutafuta wimbo na kukuza herufi, jambo linalowafaa wazee. Hata hivyo simu humletea mgonjwa pia ujumbe, madeni na habari ambazo hakuziomba, na kwa chumba cha mgonjwa ningechagua karatasi.

Mnunuzi afanye hivi: anunue Tenzi pamoja na Agano Jipya lenye Zaburi, aandike kwa mkono kwenye ukurasa wa mwisho nambari za tenzi nne nilizozitaja, na kando yake aandike Zaburi ya 13 na ya 88. Wachapishaji nao, wakitoa chapa yenye herufi kubwa na majina ya watunzi, watapata wanunuzi wengi, na mimi nitakuwa mmoja wao.