Flashi ya kantri niliyonunua Kariakoo: nyimbo zipo, mwenyewe hayupo

Wazee wa kantri mpo? Jumamosi nilishuka Kariakoo kwa dogo mmoja ana kibanda cha kuweka nyimbo na muvi kwenye flashi, nikamwambia nataka Kris Kristofferson mtupu, yule mtunzi na mwimbaji wa kantri wa Marekani, sitaki ule mchanganyiko wa Jim Reeves na Kenny Rogers ambao kila mtu anao. Flashi ya GB 16 pamoja na nyimbo zake ilikuwa shilingi elfu kumi na tano, nikamlilia akashusha mpaka kumi na mbili. "Bosi, huyo mzee yupo wote humo." Haya.

Nafika Tabata nachomeka kwenye sabufa, folda imeandikwa KRISTOFA SONI, wimbo wa kwanza anaimba mwanamke! Janis Joplin. Wa pili Johnny Cash. Wa tatu Sammi Smith, mwanamke tena. Nikajua nimepigwa, nimeshaanza kutafuta viatu nirudi, ndo nikashtuka mbona hizi zote ni tungo zake kweli? Cash alishika namba moja kwenye kantri 1970 kwa wimbo wa huyu mzee, na Joplin alirekodi wake muda mfupi tu kabla hajafa mwaka huohuo, ukafika namba moja 1971 mwenyewe hayupo. Kwa hiyo dogo alikosea akapatia.

Na huyo ndo Kristofferson bwana. Kazaliwa Texas 1936, kasoma fasihi Oxford, karusha helikopta jeshini, wakampa kazi ya kufundisha chuo cha kijeshi West Point akaiacha 1965 akaenda Nashville kuwa mfagizi wa studio! Fikiria wazazi wako ungewaambiaje. Alikuwa anamwaga majivu ya sigara za mastaa huku mfukoni ana nyimbo, na siku moja akatua na helikopta uwanjani kwa Cash ili asikilizwe.

Ule aliouimba Cash ndo nimeurudia mpaka jirani kagonga ukuta. Mtu kaamka Jumapili na mning'inio wa pombe, anachagua kwenye mashati machafu lile lenye afadhali, anatoka nje ananusa kuku wa mtu anakaangwa, basi. Nimeishi geto Sinza miaka minne, hiyo Jumapili naijua, ila kwetu ilikuwa harufu ya chipsi.

Sasa ubaya. Ule wake wa kumwomba Mungu wa 1973, ambao ndo hasa nilioufuata, katikati kuna DJ anapiga kelele anataja jina lake mara tatu. Mara tatu, kwenye sala! Halafu nyimbo nne zinakatika kabla hazijaisha, na za lile kundi la wazee wanne, yeye na kina Willie Nelson, hakuna hata moja.

Nilirudi Jumatatu, dogo hakubisha, akanibadilishia bure na bado akaniuliza, "Kwani bosi huyu mzee mbona sauti kama ana mafua?" Ni kweli, sauti hana. Nikamwambia kafariki Septemba 2024 ana miaka 88, akasema "dah, pole", kama vile nimefiwa mimi.

Nyota tatu kwa tano. Mkienda bebeni flashi zenu, hii yake inabidi niishikilie kwa kidole ndo isome.