Nilimrudishia mteja pesa zote, mnada ukabaki na kamisheni

Neno lililonichoma ni "hiari". Nililisoma kwenye simu, katika jibu la mtandao wa mnada ninaouzia, nikiwa ndani ya matatu, tumekwama Ngong Road, nikalisoma tena nikidhani macho yananidanganya. "Marejesho uliyofanya yalikuwa ya hiari yako, kwa hiyo ada ya mauzo hairudishwi." Basi. Hata pole hakuna.

Mimi huuza santuri za zamani kwenye mtandao mmoja wa mnada wa ng'ambo: benga, rumba, zile ndogo za mizunguko 45 zilizorekodiwa River Road miaka ya 1970. Nyingine nazipata Kenyatta Market, nyingine kwa wazee wanaohama nyumba na hawana tena gramafoni. Wakati wa masika niliuza moja ya benga kwa dola 60, posta dola 18. Aliyeshinda ni mzee mmoja wa Ujerumani, mteja wangu wa mara ya nne. Niliifunga kwa vipande viwili vya katoni na sponji, nikaipeleka mwenyewe Posta, pale GPO.

Ikafika imepasuka. Picha aliyonitumia niliikodolea macho hadi usiku: ufa umeanzia ukingoni, umekata mistari yote, umeingia mpaka kwenye lebo. Hapo hakuna sindano itakayopita. Na mzee hakudai hata senti! Aliandika kwamba ananionyesha tu nijue namna ya kufunga siku nyingine. Sasa wewe ungefanyaje? Jioni hiyo hiyo nilimtumia dola zake 78 kwa PayPal, moja kwa moja, kwa sababu pesa za mnada nilikuwa nimeshazitoa na salio langu kule lilikuwa sifuri.

Kosa langu ni hapo, nalikubali. Wao wanatambua tu marejesho yaliyopitia kwenye oda yenyewe. Ukituma pembeni, mashine yao inaona mauzo yamekamilika na kamisheni inabaki kwao. Yangu ilikuwa dola 10 na senti kadhaa, maana wanakata hata kwenye pesa ya posta, pesa ambayo mimi siigusi, naipeleka dirishani kama ilivyo. Kwa shilingi ni kama 1,300. Nauli yangu ya siku kumi hiyo.

Lakini ushahidi nilikuwa nao wote: risiti, picha, ujumbe wa mzee. Nikaandikia huduma kwa wateja kwa heshima, "Habari dada," maana jina lililotokea lilikuwa la kike. Siku tatu kimya, kisha ndiyo hilo neno. Nikamuuliza: dada, ningekaa na pesa ya mtu na santuri yake imevunjika, ndipo ningekuwa muuzaji mzuri kwenu? Akafunga chati. Nikaandika upya, jibu likarudi lile lile, nukta kwa nukta. Kuanzia hapo kila niliyekutana naye nilimwambia asiuze kule, na nilimaanisha.

Aliyenitoa shimoni ni mzee mwenyewe. Nilimweleza huku aibu imenishika. Akaingia kwenye akaunti yake, akaomba oda ifutwe, nami nikakubali upande wangu. Kumbe njia ipo! Zilikuwa zimebaki siku mbili tu muda wa kufuta uishe. Wiki nzima na ushee nabishana na watu wanaoijua njia hiyo, na hakuna hata mmoja aliyenitajia. Hilo ndilo siwasamehe.

Kamisheni ikarudi, na nilifurahi, sikatai. Nilimwonyesha mke wangu simu kana kwamba nimeokota dhahabu. Kisha nikatazama vizuri: si pesa ya kutoa. Ni salio la kulipia ada za mauzo yajayo. Yaani ili nile changu, lazima niuze kwao tena. Ile ada ndogo wanayokata kwa kila oda ndiyo haikurudi kabisa.

Kwa hiyo, ni pazuri pa kuuzia? Wanunuzi ni wa kweli na malipo yanafika. Hapa Nairobi simjui mtu atakayenipa dola 60 kwa santuri moja ya benga. Ukiuza kule, rudisha pesa kupitia oda, hata kama itabidi ukope uweke kwenye salio kwanza. Na mnunuzi aombe oda ifutwe mapema, usingoje kuelezwa. Nilikuwa nimewapa nyota tatu. Nimerudi kuisoma ile chati sasa hivi, na hapana, ni mbili. Pengine moja.

Mzee nimemtafutia nakala nyingine ya santuri ile. Imepatikana Kenyatta Market, ina mikwaruzo kidogo upande wa pili, lakini inacheza mwanzo hadi mwisho. Nimeifunga kwa katoni nne safari hii. Hiyo haipitii mnadani.