Elektrodi kavu au za jeli kwa kupima umeme wa misuli?

Elektrodi ni kipande kinachogusa ngozi na kunasa umeme wa msuli. Vibandiko vya jeli, vyenye fedha na kloridi ya fedha, hushinda kwa usafi wa mawimbi. Jeli hulainisha ngozi, ukinzani (ugumu wa umeme kupita) hushuka, na mtu akitikisika kidogo grafu haivurugiki. Ila hutumika mara moja na kutupwa. Anayepima kila siku atanunua bila kikomo.

Elektrodi kavu, vipande vya fedha au chuma kisichoshika kutu, unainunua mara moja, unaifuta kwa spiriti na kuitumia tena. Tabu yake ni mguso. Ngozi ikiwa kavu ukinzani hupanda mno, na elektrodi ikiteleza unarekodi kelele, yaani mawimbi yasiyotoka kwenye msuli, badala ya msuli. Ndiyo maana nasisitiza amplifaya, kifaa cha kukuza mawimbi, ikae palepale juu ya elektrodi, na mkanda ukaze bila kuzuia damu. Dakika chache za jasho husaidia kweli!

Kwa zote mbili, safisha ngozi na uache milimita 20 kati ya elektrodi, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za msuli.

Mkono wa bandia unaoendeshwa kwa umeme wa misuli na kuvaliwa kutwa unahitaji kavu. Kumpima mara moja mgonjwa anayetembea, ningechukua jeli.