Zafarani ya Elfu 2 na ya Elfu 20: Maji Yamesema

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo. Leo salamu fupi, maana nina hasira. Niko jikoni kwangu hapa Ujiji, mbele yangu glasi 2 za maji. Maji ya baridi, shikeni hilo.

Pakiti hii nimenunua sokoni kwa shilingi 2,000, imeandikwa zafarani, imejaa tele. Kikopo hiki nimeagiza Dar, gramu 1, shilingi 20,000. Mama mdogo alipokiona aliniuliza kama nina akili timamu.

Natia ya elfu 2. Tazameni! Sijaondoa hata mkono, maji mekundu kama juisi ya rozela. Mdogo wangu, sogeza kamera hapa. Nautoa uzi wenyewe… umepauka, mweupe kama ndevu za mahindi. Hii imepakwa rangi, jamani! Na ndiyo niliyowapikia wageni biriani ya Idi. Imeniuma sana.

Sasa ya pili, nyuzi 5. Kimya. Msiondoke, tusubiri wote. Kuna chaneli moja ilisema zafarani ya kweli hutoa rangi papo hapo. Hapana! Ya kweli haina haraka. Haya, dakika ya 3, mnaona? Mstari mwembamba wa manjano unashuka taratibu, na uzi bado mwekundu. Halafu hapa kwenye ncha, umepanuka kama tarumbeta. Karatasi iliyokatwakatwa haiwezi kuwa hivyo, hii ni sehemu ya ua lenyewe.

Ua lenyewe ni la zambarau, na kila moja lina nyuzi hizi 3 tu. Nyingi zinatoka Iran, upande wa Khorasan, nyingine Kashmir na La Mancha kule Hispania. Hapo La Mancha huchanua kama Oktoba na Novemba, majuma machache basi. Watu wanayachuma alfajiri kabla jua halijapanda, kisha wanakaa kuchomoa nyuzi kwa vidole. Kilo 1 iliyokauka inakula maua kama 150,000. Kwa hiyo kikopo changu hiki ni maua 150! Nilikuja hapa kulalamikia bei, sasa nawaonea huruma vidole vyao. Ila kikopo kikubwa hivi kwa gramu 1, hilo sijalikubali.

Kuna ndugu aliniuliza kama tunaweza kuipanda Kasulu. Ndugu yangu, haizai mbegu, inapandwa kwa vitunguu vyake vya ardhini, na vinataka kiangazi kikavu vilale, kisha baridi ije viamke. Kwetu Oktoba na Novemba ndiyo mvua inaanza. Kitunguu kikikaa kwenye matope kinaoza. Mimi nisingetia hela yangu.

Na harufu hii, laiti ingepita kwenye simu! Kama asali ya Tabora imekaa karibu na nyasi kavu. Ikiwa mbichi hainukii hivi. Inazaliwa kwenye ukaushaji, kama vanila ya ndugu zetu wa Kagera, ganda bichi halina harufu. La Mancha wanaitandaza kwenye chekeche juu ya moto mdogo, kilo 5 mbichi inabaki kilo 1. Moto ukizidi, imeharibika.

Ambao hamjajiunga, jiungeni, gongeni na kengele. Juma lijalo ni mawese, nimepata mama mmoja anayeyakamua mwenyewe.

Dakika ya 12 sasa. Wekeni glasi zote mbili pamoja. Ile nyekundu, hii dhahabu, na nyuzi zake zimebaki nyekundu chini. Naonja… chungu kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Ukionja tamu, imetiwa sukari au asali iongeze uzito.

Nyingine nimeitwanga na chembe za sukari, nimeiloweka kwenye maziwa ya vuguvugu tangu asubuhi. Mdogo wangu, funua sufuria, niinyunyize juu ya wali kabla mvuke haujaisha.