Spana ya kikombe ya oil filta za Toyota (mm 64, meno 14): nyota nne, ya tano nimeibania

Kwa wanaotaka jibu tu waendelee na shughuli zao: kama SUV yako ni Toyota na filta yake ni ile ya karatasi inayokaa ndani ya kifuniko, chukua hii spana ya alumini, achana na ya mnyororo, achana na ya mkanda. Kama filta yako ni lile kopo la bati linalofunguliwa zima zima na kutupwa basi hii haikuhusu, utakuwa umenunua pambo la kuweka kwenye boksi la vifaa.

Haya, wenye muda tuendelee.

Kitu chenyewe ni kikombe cha alumini, ndani kimechongwa pande 14 (ndiyo hayo meno), upana mm 64, na mgongoni kina tundu la mraba la inchi 3/8 la kuchomekea racheti, ule mpini wa kuzungushia. Basi, hakuna kingine. Kinaingia kwenye RAV4 zile za 2.5 zenye injini ya 2AR-FE, Highlander za V6 zenye 2GR-FE, na Toyota nyingine kibao ambazo hata si SUV. Lakini usiamini picha ya kwenye boksi peke yake, pima kifuniko cha gari lako kwanza, na kuhesabu meno tu hakutoshi maana hata spana ya Mercedes-Benz inaweza kuwa na meno 14 ila upana wake ni mm 74, ukileta hiyo chini ya RAV4 inazunguka peke yake kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto.

Kwa nini nasema kikombe na si mkanda? Kwa sababu kile kifuniko kwenye gari nyingi ni cha plastiki, na kinakaa chini huko ambako oili inakitambalia, sasa mkanda ukikutana na oili unateleza tu, na mnyororo wenyewe hautelezi lakini unatafuna plastiki mpaka yale meno yanaisha, na yakishaisha hakuna spana yoyote itakayokusaidia tena. Kikombe kinashika pande zote kwa mpigo mmoja, nguvu inagawanyika, hakuna pembe moja inayobeba mzigo wote. Hapo ndipo hela yake inapolipa. Zipo pia za bati jembamba lililokandamizwa, umbo ni lile lile na ni nafuu, ila bati linapanuka kidogo kidogo kila ukikutana na kifuniko kigumu, na siku likipanuka vya kutosha linaruka meno. Mimi naona alumini nene au basi.

Na vifuniko vigumu utakutana navyo sana, amini. Angalia chini ya kifuniko, kimeandikwa kabisa 25 N·m (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), yaani hata kiwango cha kukaza wamekupa, lakini mafundi wengi hawasomi, wanakaza mpaka mishipa ya shingo inatoka. 25 N·m kwenye racheti yenye mkono wa sentimita 20 ni kama kuvuta kwa nguvu ya kilo 12 na nusu hivi, si kitu cha kukunjia uso. Kinachozuia oili isivuje ni oringi, ile pete ya mpira, siyo nguvu zako! Ukikaza kupita kiasi unachopata ni kifuniko kilichopasuka au kazi ya kulia nayo siku nyingine.

Kuhusu kazi yenyewe, SUV zina raha yake, nyingi ziko juu kiasi kwamba mtu mwembamba anapenya chini bila jeki (usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake jamani, weka stendi). Ubaya ni lile kava la chini, unaweza kupoteza muda mwingi kwenye bolti na klipu zake kuliko kwenye filta. Injini iwe ya uvuguvugu, siyo ya moto. Toa oili ya sampu (lile bakuli la oili chini ya injini) kwanza, nati yake inachukua spana ya mm 14, halafu ndiyo uende kwenye filta.

Hapa kuna kitu ambacho wengi wanaruka. Katikati ya kile kifuniko kuna plagi ndogo yenye tundu la mraba la 3/8, unachomeka racheti moja kwa moja bila soketi yoyote, unaitoa, halafu unasukumia kile kibomba cha plastiki kinachokuja kwenye boksi la filta ya Toyota yenyewe, oili iliyobaki humo inashuka taratibu kwenye beseni badala ya kukushukia kwenye kiwiko. Wengine wanakitupa hicho kibomba wakidhani ni takataka za boksi. Ila hiyo plagi ikigoma, na ukaona kifuniko kizima kinazunguka nayo, usibishane nayo, iache, valisha kikombe fungua kifuniko chote hivyo hivyo na ukubali kunawa oili kidogo.

Ukishafungua, toa filta ya zamani, toa oringi ya zamani, na hakikisha mpya imekaa kwenye mfereji wake hasa, siyo juu kwenye nyuzi za kufungia, maana ikikaa vibaya gari litakumwagia oili yote barabarani. Ipake oili mpya kwanza. Kwenye boksi la filta zinakuja oringi mbili, kubwa ya kifuniko na ndogo ya ile plagi, ndogo ni ya kubadilisha tu kama uliifungua. Plagi ndogo inakazwa 13 N·m, kidogo sana, mkono mwepesi. Ile washa (pete bapa) ya nati ya sampu nayo weka mpya.

Kurudisha ndiyo sehemu ninayoipenda spana hii zaidi. Anza kifuniko kwa mkono mpaka kikatae, usianze na racheti hata siku moja, nyuzi za plastiki hazisamehe. Halafu valisha kikombe na uweke spana ya torki (ile inayopima nguvu ya kukaza) kwenye lile tundu la 3/8, kwa sababu kikombe kinakaa sawa katikati, kipimo unachosoma ni cha kweli. Kwa mkanda huwezi kabisa kupima, ni kubahatisha.

Sasa nyota niliyoibania. Kwanza hakina kitu cha kukishikilia, hakuna sumaku (na sumaku ingeshika nini kwenye plastiki), hakuna klipu, kwa hiyo ukiwa umelala chali mkono mmoja una racheti na mwingine unatafuta mwanga, kikombe kinachomoka na kukudondokea usoni kikiwa kimelowa oili. Aliyekitengeneza angechonga vijinafasi viwili vitatu vya kunasa zile mbavu zinazotokeza kwenye kifuniko, zipo spana za wengine zenye hiyo kitu na zinatulia. Pili rangi ya juu inachubuka haraka, hilo halizuii kazi lakini linaudhi. Tatu hakuna maelekezo yoyote ndani, hata namba ya 25 hawajaichonga kwenye mwili wake, na nafasi ipo tele.

Mwenye RAV4 hiyo ya 2AR-FE ajue inakula lita 4.4 ikiwa na filta mpya, Highlander ya V6 lita 6.1, usimimine yote kwa mkupuo, bakiza kidogo. Washa injini dakika chache, ingia chini na tochi uangalie pale kwenye kifuniko na kwenye nati, kama pakavu, zima injini, subiri oili ishuke, soma dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ndiyo uongeze. Kava la chini lirudishe mwisho kabisa ukishahakikisha hakuna tone, na oili chafu mimina kwenye galoni lenye mfuniko uipeleke wanakokusanya, siyo kwenye mtaro.